Kwa nini 22/7 si pai: yaliyojificha nyuma ya nukta ya desimali

MWANAFUNZI anayeingia kidato cha kwanza mjini Musoma huja na mambo machache ya Hisabati ambayo hana shaka nayo, na mojawapo ni kwamba pai ni 22/7. Amelitumia hilo tangu shule ya msingi kutafuta mzingo wa duara na eneo lake, na limempatia alama. Miezi michache baadaye, katika mada ya namba, anaambiwa kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu. Mara nyingi hakuna anayesimama kumweleza jinsi kauli hizo mbili zinavyokaa pamoja. Anaziandika zote kwenye daftari, kisha anaomba mtihani usiulize.

Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne. Mtoto aliyeanza sekondari kwa kukubali kwamba somo hilo linaweza kujipinga lenyewe, hana sababu ya kulitafakari tena. Atalikariri, na kukariri kuna mwisho wake.

Mji wa Musoma una nafasi yake katika mkasa huu. Ni hapo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipopitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Mamilioni ya watoto walijifunza sehemu na desimali kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Walizijua sehemu kwa majina yake: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Sekondari lugha ikageuka kuwa Kiingereza, na neno lililotumika kuzitaja namba hizi likawa na sura mbili. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya uwiano, lakini mwanafunzi anayelitafuta katika kamusi ya kawaida huambiwa kwamba ni sifa ya mtu anayetumia akili. Kinyume chake, bila shaka, ni asiye na akili. Namba isiyo na akili ni kitu cha kuchekesha, lakini haimsaidii mtu kujibu swali.

Ukweli wenyewe ni rahisi zaidi ya majina yake. Namba ya uwiano ni ile inayoweza kuandikwa kama namba kamili moja juu ya namba kamili nyingine isiyo sifuri: 3/4, 22/7, hata 5, ambayo ni 5/1. Namba isiyo ya uwiano ni ile ambayo hakuna sehemu ya aina hiyo inayoweza kulingana nayo sawasawa, hata mtu achague kiasi na asili kubwa namna gani. Na njia ya kuzitofautisha ni kutazama namba inavyofanya baada ya nukta ya desimali.

Chukua wavuvi watatu waliouza samaki wao mwaloni kwa Sh100,000 wakataka kugawana sawa. Kikokotoo cha kawaida chenye nafasi nane kitawaonyesha 33333.333. Wakizidisha jibu hilo mara tatu kuhakiki, kitaandika 99999.999, na mmoja wao anaweza kuuliza kwa haki kabisa ni nani aliyekula kile kilichopungua. Hakuna aliyekula. Namba tatu zilitaka kuendelea bila kikomo na kikokotoo kikaishiwa nafasi. Tatizo la wavuvi hao lina suluhisho lake la zamani, kwani senti hazionekani tena mikononi mwa watu na zile shilingi chache za mwisho hununuliwa karanga. Tatizo la Hisabati halimalizwi kwa karanga: je, tunajuaje kwamba tatu hizo zitaendelea milele na kwamba mahali fulani mbele hapatatokea nne?

Jibu limo ndani ya kugawanya kwa njia ndefu, ile ile inayofundishwa shule ya msingi. Gawanya 1 kwa 7 kwa kalamu na karatasi. Kumi kwa saba ni 1, baki 3. Thelathini kwa saba ni 4, baki 2. Ishirini kwa saba ni 2, baki 6. Sitini kwa saba ni 8, baki 4. Arobaini kwa saba ni 5, baki 5. Hamsini kwa saba ni 7, baki 1. Hapo mgawanyaji anapaswa kuweka kalamu chini, kwa sababu baki 1 ndipo alipoanzia. Kila hatua inayofuata itakuwa marudio ya zile alizokwisha kuzipitia: 0.142857142857142857, na kadhalika bila mwisho.

Cha kuangalia hapa ni mabaki. Anayegawanya kwa 7 anaweza kubakiwa na 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6 tu. Baki ikiwa sifuri, kazi imekwisha na desimali imekoma. Baki isipokuwa sifuri, zipo sita tu za kupokezana, na kwa hiyo kufikia hatua ya saba lazima mojawapo irudi. Ikirudi, yote yaliyoifuata mara ya kwanza yatarudi nyuma yake kwa mpangilio ule ule. Hoja hiyo haijali kama ni 7, 13 au 2,026. Asili ikiwa 2,026, mabaki yasiyo sifuri ni 2,025. Ni mengi, lakini yana idadi, na chenye idadi hatimaye huisha. Ndiyo maana kila sehemu, bila kubagua, hutoa desimali inayokoma au inayorudia. Katika 1/3 baki ni 1 kila mara, kwa hiyo tarakimu ni 3 kila mara, na nne haina mlango wa kuingilia.

Zipi hukoma? Zile ambazo asili yake, baada ya sehemu kurahisishwa, imejengwa kwa 2 na 5 tu, kwa kuwa hizo ndizo namba tasa zinazounda kumi. Ndiyo maana 1/8 ni 0.125 na 3/40 ni 0.075, lakini 1/6 na 1/12 hazikomi, kwani ndani yake imo 3.

Mkoa wa Mara una mfano wake maarufu wa namba inayokoma. Mwaka 1934, kijana Kambarage Nyerere, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwendo ambao waandishi wa maisha yake wameuweka kuwa maili 26. Kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959, maili moja ni kilometa 1.609344 kamili, bila tarakimu nyingine inayofuata. Zidisha kwa 26, utapata kilometa 41.842944, nayo inakoma hapo. Hata hivyo, atakayeandika kwamba mtoto huyo alikwenda kilometa 41.842944 atakuwa anatania. Tarakimu ya mwisho hapo inahesabu milimita, na hakuna aliyepima njia ya mwaka 1934 kwa milimita. Maili 26 zenyewe ni makadirio, na desimali ndefu haiwezi kuyafanya makadirio kuwa kipimo. Kilometa 42 zinamtosha msomaji.

Njia ya kurudi nayo ipo. Mtu akipewa desimali inayorudia, anaweza kuitambua sehemu iliyoizaa. Tuseme ni 0.272727 na kuendelea. Izidishe kwa 100, nukta itasogea hatua mbili na kuwa 27.272727 na kuendelea. Sasa toa ile ya kwanza kutoka hii ya pili: mikia inafanana, hivyo inafutana yote, na kinachobaki ni 27. Lakini kutoa moja kutoka mia ni kubakiwa na tisini na tisa. Kwa hiyo namba yetu mara 99 ni 27, yaani namba yenyewe ni 27/99, ambayo ikirahisishwa ni 3/11. Ujanja huo huo ukitumika kwa 0.999 isiyo na mwisho hutoa 9/9, yaani 1. Wanafunzi wengi hulikataa jibu hilo, wakidhani kwamba lazima kuna kitu kidogo kinachopungua. Kingepungua kama tisa zingekoma mahali, kama zilivyokoma kwenye kikokotoo cha wavuvi.

Basi namba za uwiano ni zile zinazokoma na zile zinazorudia, hizo tu, na milango yote miwili imehakikiwa: kila sehemu hukoma au hurudia, na kila inayokoma au kurudia ni sehemu. Inabaki kujiuliza kama kuna namba isiyofanya lolote kati ya hayo mawili, nayo haiko mbali.

Fundi anayechimba msingi wa nyumba Bunda huanza kwa kuhakikisha kwamba pembe zimekaa mraba. Hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hupima kutoka ncha hadi ncha; ikisoma mita 5, pembe ni sahihi. Ni kanuni ya Pythagoras, ingawa si lazima fundi alijue jina hilo: tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Namba zote ni kamili na futikamba inazisoma bila shida. Lakini mwenye nyumba akitaka chumba cha mita 3 kwa 3, mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona utakuwa kipeuo cha pili cha 18, ambacho ni 3 mara kipeuo cha pili cha 2. Futikamba itaonyesha mita 4 na milimita 243 hivi. Kikokotoo kitasema 4.2426406. Hakuna kilichosema kweli yote.

Ili kuona kwa nini, itoshe kukitazama kipeuo cha pili cha 2, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 2. Jaribu 1.414: ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 1.999396. Jaribu 1.4142: hutoa 1.99996164. Tunakaribia, lakini angalia tarakimu ya mwisho ya kila jibu. Desimali inayokoma huishia na tarakimu kati ya 1 na 9, kwani sifuri za mwisho hufutwa. Tarakimu hizo zikizidishwa kwa zenyewe huishia na 1, 4, 9, 6 au 5. Hakuna inayoishia na sifuri. Kwa hiyo desimali inayokoma baada ya nukta, ikizidishwa kwa yenyewe, daima itaacha kitu nyuma ya nukta, na haitatoa 2 kavu hata iwe na tarakimu milioni. Kipeuo cha pili cha 2 hakikomi.

Lakini huenda kinarudia? Ili kirudie lazima kiwe sehemu, na hapo pia tarakimu ya mwisho inatoa hukumu. Tuseme ni sehemu iliyokwisha kurahisishwa kabisa. Basi kiasi kikizidishwa kwa chenyewe lazima kilingane na asili iliyozidishwa kwa yenyewe mara mbili. Namba kamili ikizidishwa kwa yenyewe huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9. Ukiizidisha tena kwa mbili, itaishia na 0, 2 au 8. Upande mmoja una 0, 1, 4, 5, 6, 9. Upande wa pili una 0, 2, 8. Mahali pekee pa kukutana ni sifuri. Kiasi, basi, kinagawanyika kwa 10. Asili nayo, ikizidishwa kwa yenyewe, inaishia na 0 au 5, yaani inagawanyika kwa 5. Zote mbili zinagawanyika kwa 5, ilhali tulisema sehemu imekwisha kurahisishwa kabisa. Dai limejikata lenyewe. Hakuna sehemu ya aina hiyo, na kwa hiyo desimali ya kipeuo cha pili cha 2 haikomi wala hairudii.

Wataalamu wa Kiarabu wa zama za kati waliviita vipeuo vya namna hii kwa neno lenye maana ya kiziwi, na Walatini walipotafsiri vitabu vyao wakachukua maana hiyo hiyo. Kiswahili, kilichopokea hesabu na sifuri kutoka Kiarabu, hakikulipokea neno hilo; pengine ni hasara, kwa kuwa mwanafunzi angelishika haraka. Unaiita namba kwa sehemu hii na ile, haiitikii.

Hapa panahitaji tahadhari. Kutorudia si sawa na kukosa mpangilio. Andika 0.101001000100001 na uendelee, ukiongeza sifuri moja kila baada ya 1. Mpangilio uko wazi na mtoto wa darasa la nne anaweza kuuendeleza. Hata hivyo hakuna fungu la tarakimu linalojirudia vile vile, kwa sababu nafasi kati ya moja na moja inazidi kupanuka. Hiyo si namba ya uwiano.

Tahadhari ya pili inahusu simu, ambayo sasa ndiyo kikokotoo cha walio wengi. Mwanafunzi akigawanya 1 kwa 17 na kuona 0.0588235294, atatazama tarakimu hizo, asione marudio, kisha ahitimishe kwamba si namba ya uwiano. Anasahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika kama 1 juu ya 17. Fungu linalojirudia hapo lina tarakimu 16: 0588235294117647. Katika 1/97 lina tarakimu 96, na ni skrini chache za simu zitakazolionyesha lote. Kioo hakiwezi kutoa uamuzi. Kinachoamua ni hoja, kama ile ya mabaki au ile ya tarakimu ya mwisho.

Na pai je? Katika vijiji vya Butiama na kwingineko mkoani Mara, nyumba ya msonge ilichorwa ardhini kwa kigingi na kamba: kigingi katikati, kamba ikanyooshwa, mtu akazunguka. Kamba ikiwa ya mita 1.75, kipenyo cha duara ni mita 3.5, na 22/7 inasema mzingo ni mita 11 kamili. Mzingo halisi ni mita 10.9956 hivi. Tofauti ni milimita nne na nusu hivi, ambazo udongo wa ukuta huzimeza bila mtu kujua. Kwa ujenzi huo 22/7 inafaa, tena inafaa kuliko 3.14, jambo linalowashangaza wengi wanaoamini kwamba desimali daima ni sahihi zaidi ya sehemu. Pai huanza 3.14159265, 22/7 huanza 3.14285714 na kuizidi kwa 0.00126 hivi, ilhali 3.14 inaipungukia kwa 0.00159.

Archimedes, Mgiriki wa karne ya tatu kabla ya Kristo, hakusema kwamba 22/7 ni pai. Alionyesha, kwa kutumia maumbo yenye pande 96, kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71. Katika karne ya tano ya zama zetu Mchina Zu Chongzhi alifikia 355/113, ambayo kwa duara lenye kipenyo cha kilometa nzima hukosea kwa chini ya theluthi moja ya milimita. Mwaka 1424 al-Kashi wa Samarkand alifika tarakimu 16 za desimali kwa mzingo wa duara, akikusudia kosa lisizidi unene wa unywele wa farasi hata kwa duara la ukubwa wa ulimwengu alioukadiria. Wote hao walikuwa wakikaribia. Kufikia mwaka 2024 kompyuta zilikuwa zimepita tarakimu trilioni 200, nazo pia zinakaribia tu. Trilioni 200 bila marudio hazithibitishi kitu, kama tulivyoona kwa 1/17 na kioo cha simu. Aliyethibitisha ni Johann Heinrich Lambert, mwaka 1761, bila kompyuta. Hoja yake ni ngumu mno kuingia katika safu za gazeti, lakini hitimisho lake ni lile lile la kipeuo cha pili cha 2: hakuna kiasi na asili vitakavyolingana na pai.

Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi hakudanganya, mradi swali lilisomwa lote. Maswali ya duara huandikwa "tumia pai = 22/7", na neno tumia si mapambo. Linamwambia mtahiniwa achukue namba hiyo kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu nusu kipenyo katika vitabu mara nyingi huwa sentimita 7, 14 au 21: mtungaji amechagua namba inayokatika na saba ya chini ili jibu litoke zima. Kamba ya mjenzi wa msonge haikuwa na sababu ya kuwa hivyo. Ikiwa ya mita 2, 22/7 hutoa mzingo wa 88/7, yaani 12.571428571428, na fungu 571428 likarudi tena na tena. Ukutani pale mzingo halisi, mita 12.566370614, hauna fungu la kurudi.